Asante au Hesabu?

Ami yangu alianza kibarua kwenye mashamba ya chumvi kabla mimi sijaingia darasa la kwanza. Anakwangua, anabeba, analipwa kwa siku. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, ndiye aliyenitumia nauli ya kurudi Ngomeni. Jioni moja tumekaa barazani, lori la chumvi likapita, vumbi likatua ndani ya kahawa. Nikasema, "Ami, hawa si wangelipia hata barabara?"

Akanitazama kama nimetukana mtu. "Mwanangu, hawa wametupa kazi. Wataka nini tena?"

Nilinyamaza. Kubishana na aliyekulisha si rahisi. Lakini swali lake sijalitua hadi leo: anayeajiri watu wengi ana deni lolote kwa mji, zaidi ya mshahara?

Tuanze na hilo neno "wametupa". Kitu cha kupewa ni zawadi, na ami hajapewa chochote bure. Ametoa mgongo na macho yake, akalipwa ujira. Jioni wameachana sare. Sasa, barabara iko wapi kwenye hesabu hiyo? Zahanati anayokwenda akiumwa? Shule iliyomfundisha karani anayeandika majina ya vibarua? Mwajiri anavitumia vyote, na ujira wa ami hauvilipii.

Kenya iliwahi kuwa na jibu. Mwaka 1988 ilitungwa sheria ya ushuru wa huduma: mfanyakazi akatwe kidogo, mwajiri naye alipe, pesa ziende kwa serikali ya mtaa. Baadaye ushuru huo ukafutwa. Mabaraza yakawa yanangoja fungu lao kutoka LATF, mfuko ulioundwa kwa sheria ya 1998 na kutengewa asilimia 5 ya kodi ya mapato. Leo mwajiri bado anahesabiwa wafanyakazi wake. Kuna shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mmoja, za mafunzo ya viwanda. Kuna asilimia 1.5 ya mshahara, ya nyumba. Zote zaenda Nairobi. Na kaunti haiwezi kuamka tu ikatoza: Kifungu cha 209 cha Katiba kinairuhusu kodi ya ardhi na majengo, na ya burudani. Nyingine yoyote lazima Bunge liidhinishe.

Nilipokuwa chuo nilisoma kisa cha Seattle, kule Marekani. Mei 2018 baraza la jiji lilipitisha kodi ya dola 275 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi, kwa kampuni zenye mapato ya dola milioni 20 kwenda juu, ili kusaidia watu wasio na makao. Kabla ya kura hiyo, Amazon ilikuwa imesimamisha mipango ya jengo lake jipya. Haikufika hata mwezi mmoja, baraza likaifuta kodi lenyewe.

Zamani nilikiona hiki kisa cha tajiri kuutisha mji, basi. Siku hizi naona kulikuwa na kasoro nyingine pia. Kodi ya vichwa inatoza kile kitu kimoja ambacho ami anakishukuru. Ilete huku kwetu uone. Kampuni haitamfukuza ami. Itasema tu si wake, ni wa kontrakta, na siku ya kuhesabu vichwa hatakuwepo kwenye orodha. Seattle wenyewe walirudi mwaka 2020 na kodi nyingine, ya mishahara minono kwenye kampuni kubwa. Jirani zetu Tanzania, halmashauri hutoza ushuru wa huduma kwenye mauzo, kwa miaka mingi ukiwa asilimia 0.3. Huko hawaulizi una vibarua wangapi.

Kwa hivyo nadhani deni halitokani na kuajiri. Latokana na kutumia mahali. Chumvi ya hapa ni bahari, jua na ardhi tambarare. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipotoa ripoti yake kuhusu chumvi ya Magarini mwaka 2006, ardhi ilikuwa kilio kikubwa pamoja na hali ya wafanyakazi. Toza ardhi, toza tani zinazotoka.

Wapo watakaosema: mbona wafadhili hutujengea darasa, hutuchimbia kisima? Kweli, na anayeteka maji pale hajali yametoka mfuko gani. Lakini msaada unachaguliwa na mtoaji. Yeye ndiye anayeamua ni kisima ama ni jezi za timu, mwaka huu ama mwakani. Wewe kazi yako ni kusema asante na kupigwa picha. Kodi haina asante. Kodi ina hesabu: kiasi gani, kimefanya nini, kilichobaki kiko wapi.

"Kaunti watazila." Hilo nalisikia kila kijiwe, na siwezi kuapa kwamba hawatazila. Hata mimi nikifikiria pesa za chumvi yetu zikifika Kilifi mjini, sina uhakika zitarudi. Lakini pesa ya kodi ikiliwa nina haki ya kwenda kuuliza. Zawadi isipokuja, nitamuuliza nani?

Nilimwambia ami haya yote, juzi. Akasikiza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na wakifunga?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na yeye ndiye atakayelilipia, si mimi na simu yangu. Nikamwambia: ofisi yaweza kuhamia mji mwingine, lakini bahari na ardhi hii hazipakiwi kwenye lori.

"Wataleta mashine," akasema.

Wanaweza. Na wakileta, kodi ya vichwa itapotea pamoja na kibarua chake, lakini ya ardhi na tani itabaki. Hapo ami hakujibu. Alimwaga ile kahawa yenye vumbi, akamimina nyingine, akaifunika kikombe kwa kiganja, kwa sababu lori jingine lilikuwa linakuja.