Fidia Isiyolipwa

Anayesomea uzamili wa sera za uchumi hakai sana kabla ya kukutana na mchumi Nicholas Kaldor. Makala yake fupi ya mwaka 1939 ilishughulikia tatizo kongwe: hakuna sera isiyomuumiza mtu. Ukipanua barabara, kuna atakayebomolewa duka. Ukifungua mipaka, mnunuzi anashangilia na mkulima analia. Kabla yake mchumi Vilfredo Pareto alikuwa ameacha kipimo kikali, kwamba hali imekuwa bora pale tu anapopatikana aliyenufaika na hakuna aliyepoteza. Kwa kipimo hicho serikali zote zingekunja mikono. Kaldor akalegeza kamba: sera inafaa iwapo faida ya walionufaika inatosha kuwafidia waliopoteza na bado kitu kikabaki. Inatosha tu, si lazima walipwe. Kulipa au kutolipa aliona ni suala la siasa, si la mchumi. Mchumi mwenzake John Hicks akamuunga mkono mwaka huohuo, na hesabu za gharama na manufaa zinazofundishwa vyuoni hadi leo zimesimama juu ya wazo hilo.

Nalitazama wazo hili kutoka Kakamega, magharibi mwa Kenya, kwa kuwa hapa lilitendwa kabla ya kuandikwa.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Iliwaahidi kwamba ardhi yao ni yao milele. Sehemu yake ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, watapewa ardhi nyingine badala yake, na baraza lao litaulizwa kwanza. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa mbiombio: aliyechukuliwa ardhi kwa ajili ya machimbo angeweza kulipwa fedha tu, na baraza halikuwa lazima liulizwe. Malalamiko yalifika hadi Bunge la Uingereza mwaka 1933, lakini uchimbaji uliendelea. Mtaa wa Rosterman mjini Kakamega bado unabeba jina la mgodi.

Kilichobadilika pale ni kikubwa kuliko kifungu cha sheria. Shamba la Mluhya, mwenyeji wa hapa, ndipo babu alipozikwa na ndipo mwana atakapokatiwa sehemu yake ajenge. Ahadi ya 1930, pamoja na kasoro zote za ukoloni, ilikiri kwamba ardhi hulipwa kwa ardhi. Marekebisho yalisema ardhi ni fedha kama kitu kingine chochote. Hapo ndipo hesabu ya Kaldor inapoanzia, ingawa vitabu havikawii hapo: huwezi kutoa hasara kwenye faida kabla hujaziweka zote kwenye kipimo kimoja. Kakamega, kipimo hicho hakikuchaguliwa na aliyepoteza.

Hata tukikubali kipimo, bado kuna pengo kati ya kuweza kulipa na kulipa. Mwenye duka hafuti deni kwa sababu mdaiwa ana pesa mfukoni. Kwa nini basi serikali ihesabu hasara ya mtu kuwa imefidiwa, eti kwa kuwa kuna mahali fulani fedha za kumfidia?

Hicks alikuwa na jibu, na si jibu la kupuuzwa. Sera ni nyingi, alisema. Anayepoteza leo atanufaika kesho, na baada ya miaka mingi karibu kila mtu atakuwa mbele. Mimi naliheshimu jibu hili. Bila ya kitu kama hicho hakuna daraja ambalo lingejengwa. Lakini linategemea hasara itawanyike, isirudi palepale kila mara.

Hapa Kakamega imerudi palepale. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Familia nyingi ziliacha mashamba ya chakula kwa zao linalokaa ardhini mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa. Mwaka 2000 Kenya ikaingia eneo huru la biashara la COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na tangu hapo sukari ya bei nafuu kutoka nje ikawa tishio lisilokwisha. Si sukari hiyo peke yake iliyoiangusha Mumias. Madeni na usimamizi mbovu vilifanya kazi yao, hadi Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya meneja mrasimu. Mnywa chai wa Nairobi anayeuziwa sukari ya nje kwa bei nafuu amenufaika kweli, wala simwonei kijicho. Ila hakuna njia inayoitoa shilingi yake moja ikamfikia mkulima wa Mumias. Karatasi ya malipo ya mkulima ilikuwa na makato ya mbegu, mbolea, kulimiwa, kukatiwa na kusafirishiwa miwa. Mstari wa fidia haukuwamo.

Ukiuliza, mchumi atasema kulipa ni kazi ya mwanasiasa, naye mwanasiasa atasema wataalamu walishapiga hesabu. Siukubali mgawanyo huu wa kazi. Anayeandika kwamba sera ina faida halisi ameshatoa hukumu juu ya maisha ya mtu, na hawezi kunawa mikono kwenye malipo.

Leo dhahabu ya Isulu na Bushiangala, hapahapa Kakamega, imelirudisha swali: nani ahame, na kwa malipo gani? Wewe unayeandika tasnifu yako ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, au popote pale, ukifika kwenye jedwali la gharama na manufaa, ongeza safu moja. Andika nani atawalipa waliopoteza, kwa sheria gani, na kabla ya tarehe gani. Usipompata mlipaji, andika wazi kwamba hasara hiyo haijafidiwa, wala usiifiche ndani ya jumla yako.