Dau la Mnyonge: Je, Mwenye Mali Hufanya Apendavyo?

Miongoni mwa maswali wanayoletewa wahubiri wetu na ndugu wanaouchunguza Uislamu, kuna moja ambalo huulizwa kwa namna nyingi lakini shina lake ni lile lile. Je, mtu aliyechuma mali yake kwa jasho la halali hana ruhusa ya kuifanyia atakalo? Ikiwa ni yake, mbona dini inamwingilia? Na ikiwa dini yaweza kumwingilia, basi neno "changu" lina maana gani? Swali hili ni la haki, wala haifai kulijibu kwa kumwambia muulizaji aamini tu na anyamaze.

Wengi wakilijibu hutoa mfano wa shamba au nyumba. Mimi naona heri tutazame chombo kidogo cha mbao, dau au mashua, kwa sababu Kurani Tukufu na Hadithi zimelizungumza jambo hili kwa mfano huo huo. Na pia kwa sababu chombo hakisamehi hoja dhaifu. Shamba likitunzwa vibaya hutoa mavuno haba. Chombo kikitunzwa vibaya huzamisha watu.

Katika sura ya Al-Kahf twasoma habari ya safari ya Nabii Musa a.s. pamoja na mja mmoja wa Mwenyezi Mungu aliyepewa elimu maalumu. Walipopanda katika chombo, yule mja akakitoboa. Musa a.s. akastaajabu na kumpinga: je, amekitoboa ili awagharikishe waliomo? (18:72). Baadaye akaelezwa kwamba chombo kile kilikuwa mali ya maskini waliofanya kazi baharini, na kwamba palikuwa na mfalme aliyekuwa akinyang'anya vyombo kwa nguvu. Kwa hiyo chombo kilitiwa ila ili wenyewe wabaki nacho (18:80). Msomaji anayetumia msahafu usiohesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza atazikuta aya hizi nambari moja nyuma.

Hapa pana neno moja ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Watu wale walikuwa na chombo, na hata hivyo Kurani Tukufu imewaita maskini. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani yetu, aliishika aya hii kuwa hoja kwamba maskini aweza kuwa na kitu, ila hakimtoshi. Na kwamba fakiri ndiye mwenye hali mbaya zaidi. Watu wa pwani hawahitaji mwanachuoni kuwathibitishia. Wao wamekwisha sema tangu zamani kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Mwenye chombo kikubwa, chenye tanga zima na mabaharia wa kutosha, aweza kuushindania upepo. Mwenye dau bovu huenda upepo unakompeleka. Kumiliki, basi, si lazima kuwe ni kutajirika. Kwa watu wengi kumiliki dau ni kuwa na njia moja tu ya kupata chakula cha watoto, na njia hiyo imeundwa kwa mbao.

Sasa tulitazame tundu la pili. Katika mkusanyo wa Imam Bukhari imo Hadithi iliyopokewa kwa Nu'man bin Bashir r.a., na mojawapo ya mahali alipoiweka ni katika kitabu cha ushirika wa mali, jambo ambalo lenyewe ni fundisho. Mtume Mtukufu s.a.w. alitoa mfano wa watu waliopiga kura kugawana nafasi katika chombo, wengine wakapata juu na wengine chini. Wale wa chini kila walipotaka maji walilazimika kupita kwa wale wa juu. Wakasema kwamba afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe, wasiwaudhi walio juu. Mtume s.a.w. akaeleza kwamba wale wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Na wakiizuia mikono yao, wataokoka wote pamoja.

Angalia jinsi mfano huu ulivyo na uadilifu. Watu wa chini hawakusemwa kuwa ni waovu. Nia yao ilikuwa njema: hawakutaka kuwaudhi jirani zao. Tena sehemu ile ilikuwa yao kwa haki, wameipata kwa kura bila ya hila. Wana nia njema, wana haki ya kumiliki, na bado ni lazima wazuiwe kwa mikono.

Basi tuna matundu mawili. La kwanza limetobolewa na asiye mwenye chombo, nalo likawa rehema. La pili linakusudiwa na wenye sehemu yao halali, nalo ni maangamizi. Kama haki ya kumiliki ingetosha kuhukumu mambo haya, hukumu ingekuwa kinyume chake. Kwa nini haikuwa hivyo?

Jibu tutalipata tukifikiri chombo ni kitu gani. Kurani Tukufu inapotaja safina ya Nuhu a.s. inaitaja kuwa ni kitu cha mbao na dusur (54:14). Neno hili kwa kawaida hufasiriwa misumari, lakini wanalugha wa Kiarabu wamelitaja pia kuwa ni kamba za nyuzi za mtende zinazofungia mbao za chombo. Kwetu hili si geni. Mitepe ya Lamu na visiwa vyake ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na mwandishi wa Kiyunani wa karne ya kwanza alikwisha taja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Iwe misumari au kamba, maana ni moja: chombo ni mbao zilizoshikamanishwa. Ukiuondoa ule mshikamano, utabaki na lundo la mbao, na kila mtu ataweza kuchukua ubao wake aende nao.

Ubao waweza kugawanywa. Nafasi ya kukaa yaweza kugawanywa, na samaki pia. Lakini kuelea hakugawanyiki. Hakuna chombo kinachoelea kwa upande wa juu na kuzama kwa upande wa chini. Kwa hiyo mtu wa chini alikuwa na haki kamili juu ya mahali pake, ila hakuwa na haki peke yake juu ya kule kuelea, ambako ndiko kulikompa mahali pale thamani. Alidhani anatoboa mali yake, kumbe anatoboa kitu ambacho hakuna aliyepewa kwa kura.

Na hivyo ndivyo ilivyo mali nyingi katika jamii. Mvuvi mwenye dau lake na baruti yake, akailipua miamba ya matumbawe, aweza kusema chombo ni changu, baruti nimeinunua, na bahari haina mwenyewe. Sheria ya uvuvi ya Tanzania ya mwaka 1970 ilikataza jambo hilo, na hata hivyo liliendelea kwa miaka mingi baadaye. Matumbawe ndimo samaki wanamozaliana. Yakisha kuvunjwa, hayajengeki upya kwa mwaka mmoja wala kumi. Anayelipua anatoboa sakafu ya chombo walimopanda wavuvi wote wa mwambao, pamoja na watoto wake mwenyewe.

Lakini tusiwageukie watu wa chini peke yao. Katika riwaya aliyoipokea Imam Tirmidhi, watu wa juu ndio waliosema kwamba hawatawaacha wale wa chini wapande na kuwaudhi. Ndipo fikira ya kutoboa ilipozaliwa. Walio juu wakiwanyima walio chini njia ya kufikia maji, wasistaajabu wakisikia shoka likigonga chini ya miguu yao. Anayemkopesha mvuvi nyavu kwa riba ya kumkaba koo, kisha akalaani uvuvi haramu msikitini, ameisoma nusu moja tu ya Hadithi.

Hapa muulizaji aweza kuuliza: Ikiwa yule mja alikitoboa chombo cha watu wengine na ikawa halali, je, si kila mtu ataweza kuharibu mali ya mwenzake na kudai ana elimu ya siri? La hasha. Kwanza, yule mja alisema wazi kwamba hakulitenda jambo lile kwa amri yake mwenyewe (18:83). Pili, katika tafsiri ya Jumuiya yetu, kama ilivyofafanuliwa na Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad r.a., Khalifa wa Pili, safari hii ya Musa a.s. ilikuwa kashfu, yaani maono ya kiroho, na mja yule ni mfano wa Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. Kwa hiyo haikutolewa kuwa ruhusa ya mtu kuvunja kitu cha jirani. Pingamizi la Musa a.s. lilikuwa sawa kabisa kwa kanuni ya sheria. Alichoambiwa ni kwamba hakuweza kusubiri, hakuambiwa kwamba kuzamisha watu ni jambo jema.

Kwa maelezo hayo chombo ni mali ya dunia, na kule kukitoboa ni amri za Uislamu zinazoipunguza mali hiyo: zaka, sadaka, mirathi inayogawanywa kwa wengi. Mtu akitazama kwa jicho la juujuu huona hasara. Fedha ilikuwa kamili, sasa ina tundu. Lakini mali isiyotobolewa ndiyo inayomvutia yule mfalme mnyang'anyi, iwe ni jeuri wa nje, iwe ni uchoyo wa ndani unaomteka mtu mwenyewe. Wala tundu lile halikukizamisha chombo. Lilikuwa ila ya kuweza kuzibwa, na wenye chombo wakabaki wenye chombo. Zaka nayo imewekewa kiasi: katika fedha ni sehemu moja katika arobaini, tena baada ya mali kufikia nisabu na kupita mwaka. Dau la mvuvi analolifanyia kazi halitolewi zaka. Kinachotazamwa ni akiba inayopatikana kwalo. Dini haikumtaka maskini achome dau lake ili aonyeshe ucha Mungu.

Liko tundu la tatu, ambalo halikutajwa katika mifano hii lakini ndilo linaloua watu wengi. Hilo halitobolewi na mtu. Huachwa tu.

Wavuvi wa pwani wakisha kuuza samaki na kutoa gharama, fedha hugawanywa mafungu. Mabaharia hupata yao, nyavu hupata fungu, na chombo nacho hupata fungu, kana kwamba nacho kilivua. Idadi ya mafungu hutofautiana mahali na mahali. Fungu la chombo huliwa na mwenyewe, ambaye mara nyingi usiku ule alikuwa amelala nyumbani. Wengine wameuliza kama hii si riba. Si riba, kwa sababu mali yake ilikuwa katika hatari na inachakaa kila siku. Lakini fungu lile lina mizigo yake. Ni malipo ya chombo kizima; mwenye kulila huku akijua kwamba chombo ni kibovu amekula kisicho chake.

Na uzima wa chombo haukai mahali panapoonekana. Rangi ya ubavuni na jina lililoandikwa omoni huonekana na kila apitaye. Kisichoonekana ni pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa katika nyufa kati ya ubao na ubao, kazi ya kukalafati. Ni msumari ulioliwa na kutu ndani ya taruma. Ni deheni ya shahamu na chokaa iliyopakwa chini ya maji. Ni kukilaza chombo ubavu wakati wa bamvua na kukichoma kwa makuti makavu ili wafe wadudu watoboao mbao. Fundi mvivu akipaka rangi juu ya ubao uliooza, baharia hatajua mpaka awe mbali na nchi, kusi imeshika, na mwenzake mmoja hana kazi nyingine ila kufua maji.

Chombo kama hicho kikizama, matangani utasikia watu wakisema, ni amri ya Mungu. Kweli, kila nafsi hufa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini mwenye chombo hana haki ya kulitumia neno hilo kuzibia tundu aliloacha wazi. Kurani Tukufu, hata katika kuua kwa makosa, haikusema yaishe kwa kuwa ni kudura. Imeamuru diya ipelekwe kwa warithi wa marehemu, na kafara juu yake (4:93). Ikiwa aliyekosea bila kukusudia hubeba mzigo huo, je, aliyeambiwa na nahodha wake mara mbili kwamba mkuku umeoza, akajibu "subirini mwisho wa mwezi"? Seyidna Ahmad a.s. alikiita kitabu chake Safina ya Nuhu mwaka 1902, tauni ilipokuwa ikiua watu Punjab, na humo alifundisha kwamba kuahidi kwa ulimi si kitu bila ya vitendo. Aliyemo chomboni kwa jina tu hana la kujivunia.

Kwa hiyo ndugu muulizaji akitaka jibu fupi kuhusu neno "changu", Uislamu haulifuti. Dau ni la mwenye dau. Aweza kuliuza, kulikodisha, kulirithisha, na hakuna mfalme mwenye haki ya kumnyang'anya. Lakini akiliuza, na amwonyeshe mnunuzi ubao ulioliwa kabla ya kupokea fedha, maana Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba baraka ya biashara i katika kusema kweli na kubainisha, na huondoka kwa kuficha. Akilikodisha, asema ni watu wangapi linawachukua. Na akiwa ni mwenye kukaa nchi kavu na kula fungu la chombo, mara moja katika kila bamvua ateremke mwenyewe ufukoni maji yakitoka, ainame chini ya ubavu, na apitishe kidole katika kila ufa.