Khutba ya Ijumaa: Mlipe Kibarua Kabla Hajafunga Safari

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Ndugu Waislamu, nakuusieni nanyi, naiusia na nafsi yangu, tumche Allah.

Ama baad. Msimu wa mavuno umefika Songea, na jirani zetu wa Mbinga wanachuma kahawa. Vijana wanakuja kutoka mbali kutafuta kibarua. Tusidharau ujuzi wao. Mchumaji mzoefu huchukua buni nyekundu, mbichi akaiacha mtini. Ikichanganywa, kahawa yako inashuka daraja. Ajuaye kuchimba ngoro za Wamatengo hupanga nyasi, akazifukia kwa udongo, na mashimo yake yakashika maji mlimani. Ujuzi huo una thamani, basi ulipwe.

Nabii Musa (a.s.) aliingia Madyan mgeni. Qur'ani inatusimulia kuwa alisifiwa kwa nguvu na uaminifu, akaajiriwa, na muda ukatajwa mapema: miaka 8, na akipenda atimize 10. Nawe taja ujira kabla kazi haijaanza. Pima ekari mbele yake, wala usiongeze kamba baadaye.

Wazee wetu waliandikishwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba ya mkonge kilichoanzishwa 1944, wakaenda kukata mkonge Tanga. Kipande, yaani kadi ya kibarua, kilidai siku 30 za kazi, na ambaye hakumaliza ngwe hakuandikiwa siku. Leo kalamu tumeishika sisi.

Yuko asemaye, "Subiri niuze mahindi." Kibarua hana ubia nawe. Bei ikipanda humgawii faida. Mnunuzi akichelewa, kwa nini alale njaa yeye? Mtume (s.a.w.) ameamrisha mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka, na ametufikishia kwamba anayemtumikisha mtu kisha akamnyima ujira, Allah mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Kama fedha huna, mwambie kabla hajashika jembe, aamue mwenyewe.

Nawe kibarua, timiza uliyokubali, hata mwenye shamba akiwa hayupo.

Mwenye deni la msimu uliopita amtafute mtu wake leo, amtumie haki yake kwa simu.

Ewe Mola, tusamehe, zibariki mvua na mavuno yetu, warejeshe wasafiri makwao salama, na usitukutanishe nawe tukiwa na jasho la mtu shingoni. Amin.