Nia na Hawaa katika Hadithi Isiyokwisha

Liko swali ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelitafakari tangu zama za kale, nalo ni hili: mwanadamu akiachiwa afanye lolote alitakalo, je, amekuwa huru, au amekabidhiwa kwa bwana aliye mkali kuliko mabwana wote, yaani nafsi yake mwenyewe? Katika vitabu vya karne iliyopita nilivyovisoma, sijui kilicholiuliza swali hili kwa subira kuliko kitabu kimoja cha watoto, riwaya ya Mjerumani Michael Ende iliyotoka mwaka 1979, ambayo kwa lugha yetu twaweza kuiita Hadithi Isiyokwisha. Mwaka 1984 mwongozaji Wolfgang Petersen aliitoa riwaya hiyo katika filamu, kwa gharama iliyozidi ile ya filamu yoyote ya Kijerumani hadi wakati ule, na watoto wa mataifa mengi wakaipenda. Walakini mtunzi mwenyewe aliikataa, akadai jina lake lisihusishwe nayo, akafikisha shauri mahakamani, akashindwa. Wako waliouhesabu ugomvi ule kuwa ni kinyongo tu cha mwandishi asiyevumilia kazi yake kuguswa na mkono wa mwingine. Mimi nauona kuwa ulikuwa ugomvi wa itikadi, na kwamba aliyeshindwa mbele ya kadhi alikuwa na haki katika jambo lenyewe.

Habari ile, kwa wasioijua, ni ya mvulana Bastian Balthasar Bux, aliyefiwa na mama, mnene, mzito wa miguu, mwoga, dhihaka ya wanafunzi wenzake, ambaye baba yake amezama katika majonzi hata hamwoni tena mwanawe aliye mbele ya macho yake. Siku moja, akiwakimbia watesi wake, anaingia katika duka la vitabu vikuukuu la mzee Karl Konrad Koreander, anakiona kitabu ambacho moyo wake hauwezi kukiacha, anakiiba, na kwenda kujificha darini mwa shule akisome. Ndani ya kitabu hicho mna nchi ya Fantasia, ambayo inaliwa kidogo kidogo na Utupu, ilhali Malkia Mtoto anayeitawala yu mahututi. Naye Atreyu, kijana wa wawindaji, ametumwa kuitafuta dawa. Dawa yenyewe ni jina jipya la Malkia, na hakuna kiumbe wa Fantasia awezaye kulitoa, ila mwanadamu. Na kidogo kidogo msomaji aliye darini anatambua kwamba mwanadamu anayengojewa ni yeye.

Insafu yataka filamu ipewe haki yake. Farasi Artax, ambaye kitabuni ana ulimi wa kusema na anamsihi bwana wake amwache afe katika Vinamasi vya Majonzi, katika filamu ni bubu. Atreyu anavuta hatamu, anamlilia, anamkemea, na mnyama anamtazama tu huku tope likimpanda kifuani. Nathubutu kusema kwamba hapo Petersen amempita Ende, kwa sababu huzuni iliyokwisha kumaliza nguvu za kiumbe haina hotuba. Tena filamu haikuisahau fikira ile ya ajabu kwamba, kama Bastian anavyozifuata safari za Atreyu, ndivyo wengine wanavyozifuata zake. Malkia Mtoto anaitamka waziwazi, na mtoto aliyeketi katika giza la sinema hugutuka kusikia kwamba yeye naye amehesabiwa.

Lakini tazama jinsi zinavyotafautiana kazi mbili hizi katika neno la mbwa-mwitu Gmork. Katika filamu anaeleza kwamba Utupu ni pengo linaloachwa na watu waliopoteza matumaini, na kwamba watu wa namna hiyo ni wepesi kutawaliwa. Maneno hayo ni mazuri, ila ya Ende ni mazito zaidi: viumbe wa Fantasia wanaomezwa na Utupu hawapotei, bali hutokea katika dunia ya wanadamu wakiwa wamegeuka uongo, na kwa uongo huo watu hutishwa, huuziwa wasichohitaji, na hutiwa chuki juu ya wasiowajua. Aliyeandika hayo alizaliwa mwaka 1929, akakua chini ya utawala wa Wanazi, ambao walimpiga marufuku baba yake, mchoraji Edgar Ende, asionyeshe picha zake. Aliyaona kwa macho yake mataifa yakipelekwa machinjoni kwa ndoto zilizooza. Kwa hiyo tangu nusu ya kwanza ya kitabu msomaji amekwisha kuonywa kwamba kuwaza si jambo jema kwa dhati yake. Wazo lililopotoka njia ni hatari kama lile lililokufa.

Sasa twende kwenye fundo lenyewe. Bastian amekwisha kulijua jina la kumpa Malkia, lakini halitamki. Katika filamu kinachomzuia ni wasia wa baba yake, aliyemwambia asubuhi ile aache ndoto na kuyakabili mambo ya dunia. Hivyo kusita kwake ni aina ya utii. Kitabuni kinachomzuia ni haya. Anajitazama, anauona mwili wake mnene na miguu yake iliyopinda, na anaogopa kwamba Malkia, aliyemngoja shujaa, atavunjika moyo akimwona yeye; hata Malkia analazimika kumwendea Mzee wa Mlima Unaotangatanga, ambaye huandika yote yanayotukia, na kumwamuru asimulie habari ile tangu mwanzo, nayo ikifika mwisho inaanza tena, na tena, mpaka Bastian anapofahamu kwamba asipojitoa mduara ule hautakatika milele. Filamu haina mzee huyo. Wala haina mvulana mnene: mtoto aliyechaguliwa kuigiza ni mwembamba na mzuri wa uso, na jambo hili, ambalo mtazamaji huliona dogo, ndilo lililoing'oa nguzo ya jengo. Kwa maana ombi la kwanza la Bastian wa kitabuni ni kuwa mzuri wa umbo, na bei ya ombi hilo ni kusahau kwamba aliwahi kuwa vinginevyo. Filamu imempa mtoto wake tangu mlango wa kuingilia, bila thamani, kitu ambacho mwenziwe alikinunua kwa sehemu ya roho yake.

Katika kazi zote mbili Malkia anamwambia Bastian kwamba Fantasia itazaliwa upya kwa matakwa yake, na kwamba akizidi kutaka ndivyo nchi itakavyozidi kustawi. Filamu inakomea hapo: mvulana anataka kumpanda joka la bahati, mmoja wa viumbe wa Fantasia, anampanda, anarudi naye hewani hadi mjini kwao, na kuwafukuza wale waliomwonea mpaka wanatumbukia kwenye pipa la taka. Kitabu kina sura 26, kila moja ikianza kwa herufi yake tangu A hadi Z, na filamu imesimama katikati. Mtu atasema kwamba muda wa sinema ni saa moja na nusu na ushei, na kwamba lazima fundi akate mahali. Nakubali lazima akate. Lakini hotuba ya mwanasheria ikikatwa baada ya madai na kabla ya majibu haiwi hotuba fupi, huwa hukumu ya upande mmoja.

Majibu ya Ende yanaanza jangwani, kwa simba Graograman, ambaye kila usiku hufa na kugeuka jiwe ili msitu upate kuota, na kila asubuhi hufufuka wakati msitu unapogeuka mchanga. Bastian amevaa kidani cha AURYN, na nyuma yake yameandikwa maneno machache yanayompa ruhusa, bali yanamwamuru, afanye analolitaka. Anadhani maana yake ni kutenda kila linalompendeza. Simba anamkanya: kilichoamrishwa ni kuitafuta irada yake ya kweli, iliyo siri ya ndani kabisa na ambayo mwenyewe haijui, na hakuna njia ambayo msafiri huipotea kwa wepesi kama hiyo. Bastian anasikia, asizingatie. Akiwa mzuri anataka kuwa na nguvu. Akiwa na nguvu anataka kuwa jasiri, kisha kusifiwa, kisha kuogopwa, na kila ombi linaondoka na kumbukumbu moja ya kwao. Hatimaye takabari inamfikisha mahali pa kutaka kujivika taji la Malkia aliyempa kila kitu, na Atreyu, rafiki yake wa haki, anapotaka kumzuia, anamjeruhi kwa upanga aliouchomoa kwa nguvu, ilhali alikatazwa kuuchomoa isipokuwa umejiruka wenyewe mkononi mwake.

Mji anaoufikia baada ya hapo ndio uliomo moyoni mwangu kila nisikiapo watu wakisema kwamba furaha ni kupata unachokitamani. Ni mji wa watawala wa zamani, wanadamu waliokuja Fantasia kabla yake wakataka mpaka kumbukumbu yao ya mwisho ikaisha, na sasa wanahangaika bila akili, wakirusha dadu zenye herufi mchana kutwa, chini ya uangalizi wa nyani. Hawawezi kurudi kwao, kwa sababu kurudi kwahitaji kutaka, na asiye na kumbukumbu hana tena la kutaka. Tazama undani wa hoja hii: hawaa iliyoachiwa haimpi mtu uhuru mwingi mno, bali huyala yale maini ya uhuru wenyewe, hata kutaka kukafa.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa yake alitenga kitabu kizima kwa ajili ya riyadha ya nafsi, na kingine kwa ajili ya nia, ikhlasi na ukweli. Na anayevisoma viwili hivyo pamoja atafahamu kwa nini matamanio na nia havikai katika daraja moja, ijapokuwa vyote huanzia moyoni. Rabelais wa Ufaransa, katika karne ya 16, aliifanya ruhusa kama ile ya kidani kuwa kanuni pekee ya monasteri aliyoibuni, akitumaini kwamba waungwana waliolelewa vema watachagua mema kwa tabia yao. Augustino wa Hippo alikuwa mwangalifu zaidi: alimpa muumini idhini ya kutenda atakalo, kwa sharti kwamba kwanza awe na upendo. Ende anasimama karibu na Augustino, maana ombi la mwisho la Bastian, baada ya kuchoka na utukufu, na baada ya kuchoka hata na hamu ya kupendwa, ni aweze kupenda. Na ombi hilo ndilo linalogharimu kuliko yote, kwani linamwondolea kumbukumbu ya baba na mama, kisha jina lake. Anashuka katika mgodi wa Yor, mchimbaji kipofu, ambamo zimelala ndoto walizozisahau wanadamu, na huko anaipata sura ya mtu aliyefungwa ndani ya barafu. Hajui kuwa ni baba yake. Anachojua ni kwamba anataka kumsaidia.

Filamu ya pili, iliyotoka mwaka 1990 kwa mkono wa mwongozaji mwingine, ilikumbuka kupotea kwa kumbukumbu. Lakini iliiweka khiyana hiyo katika mtambo wa mchawi Xayide. Kwa Ende hakuna mtambo. Xayide anamsifu Bastian na kumchochea, ila bei ya kila ombi imo ndani ya ombi, na hakuna adui wa kuvunjwa nje ya mvulana mwenyewe.

Sehemu ninayoisikitikia kuliko zote kukosekana kwake ni ya mwisho. Bastian anakunywa Maji ya Uzima pale tu Atreyu alipojitolea kusema kwa niaba yake, na anaruhusiwa kurudi pale tu rafiki huyo alipojitolea kuzimaliza hadithi zote alizozianza akaziacha. Anarudi mnene kama alivyokuwa, akiridhika na umbo lake. Baba yake analia, na barafu inayeyuka. Kisha, bila ya kulazimishwa na mtu, anakwenda kwa Koreander kukiri wizi. Katika filamu mvulana ameacha barua dukani akiahidi kukirudisha kitabu, basi hakuna wizi, na pasipo wizi hapana toba. Na vivyo hivyo, kwa kuwa hakumjeruhi rafiki, hana wa kumtaka radhi, akabaki na joka na kisasi. Walioitengeneza walitaka kumhifadhi mtoto na dhambi, na kwa wema huo wakamnyima jambo ambalo kila mtoto anayejua kuwa amekosa hulitamani usiku: kwamba iko njia ya kurudi, na mlango wa kubisha. Koreander anasikiliza ungamo lote, kisha anamwambia kwamba kitabu kama hicho hakuwahi kuwa nacho, kwa hiyo hakuibiwa. Na kwamba yeye naye aliwahi kufika huko, na yuko tayari kuisikia habari yote tangu mwanzo.