Mwezi wa Eluli

 Majira haya ya kiangazi hapa Songea, ambapo mahindi yamekwisha vunwa na kila mwenye deni huandamwa na mdai wake, ndiyo aghalabu ambamo Mayahudi, wakiwemo Abayudaya wa Mbale, Uganda, ambao kiongozi wao Semei Kakungulu aliwatangulia kuishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 na ambao waliistahimili marufuku ya Idi Amin dhidi ya dini hiyo, huingia mwezi wa Eluli, siku 29 za kujitayarisha kwa toba kabla ya Mwaka Mpya wao na Siku ya Kafara.

Asubuhi za mwezi huo, isipokuwa Sabato na siku ya kuamkia Mwaka Mpya, hupulizwa pembe ya kondoo dume, sauti kavu isiyo na madaha, ya kuzindua nyoyo zilizoghafilika.

Linalonigusa mno ni sharti lao kwamba saumu ya Siku ya Kafara haifuti dhuluma aliyotendewa mwanadamu mpaka aombwe radhi mwenyewe. Nasi, ni wangapi tumwombao Mola maghufira kwa machozi, ilhali jirani tuliyemsogezea mpaka wa shamba hatujamwendea?

Maimonides, fakihi wao wa karne ya 12, aliandika kwamba aliyedhulumiwa akikataa kusamehe, aendewe tena, hata mara tatu, pamoja na watu wa kumsihi. Na ikiwa amekwisha fariki, mkosaji awachukue watu kumi, asimame nao kaburini, aungame hapo kosa lake. Na kama alikuwa na mali ya marehemu, awarudishie warithi.