Ukubwa Wetu Mbele ya Walio Wadogo

Kila mtu aliye mkubwa anaye mwingine aliye mdogo kwake. Baba anao watoto wake, mwalimu anao wanafunzi wake, mzee wa kanisa analo kundi lake, na kiongozi wa kijiji anao watu wake. Hata mtoto achungaye mbuzi ni mkubwa mbele ya mbuzi wale. Kwa hiyo swali tunalotaka kulifikiri mwezi huu halimhusu mmoja wala wawili, bali latuhusu sote, nalo ni hili: Mtu akipewa kimo cha kuwatazama wenzake kutoka juu, je, huwaona vema zaidi, au huacha kuwaona?

Swali hili lilituingia moyoni mahali ambapo hatukulitazamia, yaani mahali pa michezo. Tulikuwa safarini Uholanzi, na wenyeji wetu wakatupeleka kuutazama mji mdogo uitwao Madurodam, ulio ndani ya mji wa The Hague. Tulidhani ya kuwa tunakwenda kuona vitu vya kuchezea watoto, nasi tulikwenda kwa ajili ya heshima yao tu. Lakini tulipoingia tulisimama kimya. Mbele yetu palikuwa na nchi nzima imewekwa chini kwa miguu yetu. Yamo makanisa na majumba ya wakuu, masoko, bandari, mifereji na vinu vya upepo. Treni zaenda na kurudi juu ya reli zake, mashua zapita majini, ndege zatembea uwanjani. Miti nayo ni miti hai, ila hupogolewa na kutunzwa isizidi kimo chake.

Kila kitu kimefanywa kwa kipimo cha moja kwa ishirini na tano, maana yake sentimeta 25 za kitu chenyewe zimekuwa sentimeta 1. Mnara wa kanisa kuu la Utrecht, ambao kimo chake ni mita 112, hapo haufiki mita 5. Mtu wa sentimeta 175 amekuwa wa sentimeta 7, kama urefu wa kidole. Nawe mtazamaji ukiigeuza hesabu hiyo, utajiona umekuwa jitu lenye kimo cha mita 43 na zaidi, lipitalo kando ya nyumba za watu.

Twakiri ya kuwa tulifurahi sana, na ndani ya furaha ile likaingia jambo jingine. Tulianza kusema kama wenye mji. Mmoja wetu alisema daraja fulani lingefaa kuhamishwa. Mwingine akasema nyumba zile za kando ya maji ziondolewe, ili bandari ipate nafasi. Tukacheka, tukaendelea kupanga na kupangua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza watu wale wa sentimeta 7 wangelala wapi. Ni kweli, walikuwa sanamu tu, wala hawakudhurika. Lakini tuliona jinsi moyo wa mtu unavyogeuka upesi akiinuliwa juu kidogo.

Ndipo mwenyeji wetu alipotueleza jina la mji ule limetoka wapi.

George Maduro alizaliwa mwaka 1916 katika kisiwa cha Curaçao, katika bahari ya Karibi, kisiwa kilicho katika ufalme wa Uholanzi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, naye alikuwa mwana wao wa kiume wa pekee. Alipelekwa Uholanzi asome, akajifunza sheria katika chuo kikuu cha Leiden. Mwezi wa Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoiingia Uholanzi, yeye alikuwa luteni wa akiba, akawaongoza askari wake kuitwaa nyumba moja kubwa karibu na The Hague, iliyokuwa imeshikwa na adui walioshuka kwa miavuli. Nchi ikashindwa kwa siku chache. Washindi wakaamuru Wayahudi wavae nyota ya manjano nguoni, wapate kujulikana na kutengwa. Maduro alikataa kuivaa. Alijaribu kutoroka aende Uingereza, akakamatwa, akafungwa, na mwisho akapelekwa katika kambi ya wafungwa ya Dachau. Huko alikufa kwa homa iletwayo na chawa, mwezi wa Februari 1945, akiwa na umri wa miaka 28. Kambi ile ilifunguliwa mwezi wa Aprili wa mwaka ule ule. Mwaka 1946 taifa lilimpa, naye amekwisha kufa, nishani ya ushujaa iliyo kuu kupita zote za Uholanzi.

Wasomaji, fikirini ni watu wa namna gani waliomwua kijana huyo. Walikuwa watu waliotazama kutoka juu. Walizitandika ramani mezani, wakazipanga na kuzipangua nchi za watu, wakasema taifa hili likae hapa, na taifa lile lisiwepo kabisa. Katika kambi zao mfungwa alipewa namba mahali pa jina. Tarehe 14 Mei 1940 ndege zao ziliupiga mji wa Rotterdam kwa mabomu, na katikati ya mji pakateketea pamoja na mamia ya watu. Rubani aliye angani huuona mji jinsi sisi tulivyouona ule wa Madurodam: mapaa, mifereji, minara myembamba, wala hausikii sauti yake. Wala tusiseme ni Wajerumani peke yao, maana hata waliopigana nao waliichoma miji kwa mabomu kabla ya vita kwisha. Ugonjwa huu si wa taifa moja.

Baada ya vita kulikuwa na mama mmoja Mholanzi, Bibi Boon-van der Starp, aliyekuwa akitafuta fedha kwa ajili ya nyumba ya wagonjwa iliyokuwa Laren. Humo wanafunzi wenye kifua kikuu walitibiwa huku wakiendelea na masomo yao. Mama huyo alisikia habari za kijiji kidogo cha Bekonscot, kilichofunguliwa Uingereza mwaka 1929 katika bustani ya mtu aitwaye Roland Callingham, ambacho mapato yake yalitolewa kwa kazi za huruma. Akaona ya kuwa jambo kama hilo lingewafaa wagonjwa wake. Wazazi wa George Maduro waliposikia, walitoa fedha za kuujengea mji mdogo, uwe ukumbusho wa mwana wao. Ulifunguliwa tarehe 2 Julai 1952. Jina lake ni jina la kijana yule, likaongezwa neno lililo katika majina ya Amsterdam na Rotterdam, neno lenye maana ya boma la kuzuia maji. Nyumba aliyozaliwa Curaçao imo pia, ndogo kama nyingine. Tena meya wake wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 14, binti wa Malkia, aitwaye Beatrix. Akauacha umeya ule mwaka 1980 alipokuwa Malkia mwenyewe. Na nyumba ile ya wagonjwa ilipofungwa, faida ya mji ikaelekezwa kwenye kazi za kuwasaidia watoto na vijana.

Huenda msomaji akauliza: Je, yafaa kumkumbuka mtu aliyekufa kwa mateso kwa kujenga mahali pa kuchekea watoto? Si afadhali wangalisimamisha jiwe, watu wapite mbele yake wamevua kofia? Swali hilo si la kudharauliwa, maana marehemu ana heshima yake. Lakini sisi twaona ya kuwa wazazi wale walifanya vema. Jiwe lingaliwakumbusha watu kifo cha kijana wao. Wao walitaka kijana wao aendelee kutenda wema, kama ambavyo angalitenda kama angalikuwa hai, na vijana wa rika lake waliokuwa wakikohoa vitandani walipata dawa na vitabu kwa jina lake. Kicheko cha mtoto hakimtukani marehemu aliyekufa kwa kuwapinga watu wasiowahurumia hata watoto.

Sasa turudi kwenye swali letu. Hatusemi ya kuwa kutazama kutoka juu ni dhambi. Yapata robo ya nchi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari, nao huishi kwa maboma na mifereji. Asiyeliona boma lote hawezi kujua maji yatapenya wapi. Mkulima naye hupanda kilimani apate kuona mfereji wake unapopotea. Mwenye kuongoza hana budi kuona mambo yote pamoja. Hatari ni kukaa huko juu, na kudhani ya kuwa umeona kila kitu kwa sababu umeona vyote kwa mara moja.

Tuyakumbuke Maandiko. Mshawishi alipotaka kumjaribu Bwana wetu, alimpandisha mahali palipo juu akamwonyesha milki zote za dunia kwa dakika moja. Alimwonyesha milki, wala hakumwonyesha mtu hata mmoja. Na Zakayo je? Yeye alikuwa mfupi, akapanda mtini apate kuona, akafanikiwa kuona. Lakini Bwana alipofika chini ya mti hakumsifu kwa kupanda, alimwambia ashuke upesi, kwa kuwa siku ile wangekaa nyumbani mwake. Mtini Zakayo alimwona Bwana akipita; mezani alijulikana naye, na hapo ndipo alipowakumbuka maskini na wale aliowadhulumu. Tena imani yetu yote imesimama juu ya jambo hili, ya kuwa Mungu, aliye juu kupita vyote, hakuridhika kututazama kutoka juu. Alishuka, akawa mtoto mchanga wa kubebwa mikononi.

Tulipokuwa karibu kutoka katika mji ule mdogo tulimwona mzee mmoja mwenye mvi amepiga magoti njiani pamoja na mjukuu wake, shavu lake karibu na ardhi. Tulifikiri ameangusha kitu. Yule mtoto alipotuona tunatazama, alitupungia mkono tushuke sisi pia. Tuliona haya kidogo, kwa kuwa tulivaa nguo zetu nzuri, lakini tukapiga magoti. Na pale chini mji ukabadilika. Nyumba zikawa ndefu, njia ikawa njia, na katika mlango mmoja alisimama mwanamke mwenye kikapu, ambaye tulikuwa tumempita bila kumwona. Kutoka juu tulikuwa tumeona mapaa. Kutoka chini tuliona milango.

Tangu siku ile tumeyakumbuka makosa yetu wenyewe, hasa moja. Miaka mingi iliyopita tulikuwa na mwanafunzi aliyechelewa karibu kila siku wakati wa masika. Tuliandika alama kitabuni, tukamwadhibu kwa kadiri ya alama zile, wala hatukumdhulumu kwa hesabu. Siku moja tuliposhuka mtoni kwa shughuli nyingine tulimkuta amembeba mdogo wake mgongoni, anamvusha, na mdogo mwingine amesimama ng'ambo akingoja zamu yake. Maji yalimfikia yule mtoto kifuani. Kitabu chetu kilisema kweli juu ya saa, lakini juu ya mtoto hakikutuambia neno. Nasi, tuliomfundisha kwa mwaka mzima, tulikuwa hatujashuka hata mara moja kutazama njia aijiayo shule.

Basi, ndugu zetu, kila mmoja ajiulize ni nani aliye mdogo mbele yake. Baba atazame: je, awajua watoto wake, au ajua idadi yao tu? Mzee wa kanisa atazame: yule mjane asiyetoa sadaka yake, je, amekwenda kumwona nyumbani, au amemwona katika daftari tu? Wahenga walisema mkubwa ni jaa, yaani hutupiwa takataka za wote wala halalamiki. Lakini jaa liko chini. Hakuna ajengaye jaa juu ya mlima.

Wala hatusemi neno hili kama watu waliokwisha kujifunza. Kupiga magoti ni rahisi mbele ya sanamu za sentimeta 7, maana hazina cha kutuambia. Mbele ya watu walio hai ni vigumu, kwa kuwa tukishuka watasema, na huenda wakasema ya kuwa tumewakosea. Mungu na atupe magoti mepesi, na masikio ya kuyavumilia tutakayoambiwa tukiwa chini.