Sisi Huku Wazima, Hofu Kwenu

Wasomaji wetu wa umri mkubwa watayatambua maneno hayo bila kuambiwa yaliandikwa wapi. Yalikaa katika mstari wa pili au wa tatu wa kila barua iliyotoka nyumbani kwenda ng'ambo, na ya kila barua iliyorudi. Habari za mvua, za ng'ombe na za karo zilifuata baadaye. Na kama mtu wa nyumbani amefariki, habari hiyo ilikuja mwisho kabisa, kama kwa kujificha, au haikuja.

Twapenda kuuliza leo: aliye mbali ana haki gani ya kuujua ukweli wa nyumbani, nao walio nyumbani wana haki gani ya kuujua ukweli wake? Hili si swali la wenye vitabu peke yao. Koo nyingi zenye mtoto ng'ambo zina kisa cha kijana aliyefichwa msiba wa mzazi wake mpaka amalize mitihani, kisha akaja kuonyeshwa kaburi lililokwisha kuota majani. Aliyeficha alidhani ametenda wema, na aliyefichwa hakusahau.

Zamani jambo hili lilikuwa na udhuru wake. Mwalimu Nyerere alikuwa Edinburgh tangu 1949 hadi 1952. Kuanzia 1959 mamia ya vijana wa Kenya walikwenda Marekani kwa mpango uliohimizwa na Tom Mboya. Wengine walikwenda Moscow, katika chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1960. Kwa wengi wao nauli ya kurudi mazishini haikuwapo hata katika ndoto. Barua ya meli ilikaa njiani majuma mengi. Ilipofika ilingoja tena katika sanduku la misheni au la shule, mpaka apite mwenye ufunguo. Kisha akatafutwa msomaji, maana mama wengi hawakujua kusoma. Hivyo mtoto wa jirani, mwenye miaka kumi, alisimama uani akisoma kwa sauti madeni ya watu wazima.

Watoto hao ndio waliokusanya stempu. Walizilowesha katika maji, wakazianika, wakazibandika katika daftari, na mchezo huo uliwafundisha jambo ambalo wazee walilipita haraka: juu ya stempu pana muhuri wa posta, na muhuri una tarehe. Basi neno “wazima” lilikuwa la siku ile tu. Kila mtu alijua hivyo, hata asiyetazama muhuri. Salamu ile ilikuwa dua kuliko taarifa, wala hatuoni kwamba ilimdanganya mtu.

Leo mahali pa barua pameshikwa na simu, na sisi hatumo katika wanaolia kwa ajili hiyo. Mama asiyejua kusoma hahitaji tena mtoto wa jirani. Humwona mwanawe usoni, akamkemea kwa kukonda. Fedha za matumizi, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, hufika mkononi pasipo kumsumbua dereva wa basi. Hiyo ni heri kubwa.

Lakini tabia mpya imeubadili uzito wa tendo la kale. Zamani barua ilichelewa. Siku hizi sisi ndio tunaochelewesha. Asubuhi mama amepelekwa hospitali, na jioni mwana apigapo simu kutoka Manchester huambiwa mama amekwenda sokoni. Kesho simu ya mama “imeharibika”. Keshokutwa ndugu wanne hawana budi kupatana neno moja, na mdogo wao hufundishwa kushika simu kwa namna ambayo kitanda kisionekane. Ule haukuwa tena ukimya. Umekuwa mchezo wa kuigiza, na watoto wa nyumba wamo katika waigizaji.

Aliye ng'ambo naye hasalimiki katika hukumu hii. Binti anayefanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba hujipiga picha juu ya kochi la tajiri wake, akaituma nyumbani. Hasemi ya kwamba kibali chake kimefungwa kwa mwajiri huyo, wala kwamba analala saa tano. Nyumbani wanaitazama picha, wanafurahi, wanaomba bati. (Tumeona pia kwamba habari ya bati linalovuja haifichwi hata saa moja.) Tena mdogo wake, kwa kuitazama picha hiyohiyo, ameanza kutafuta pasipoti.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu alichoandika dhidi ya uongo yapata mwaka 420, alipambanua mambo mawili: kila mwongo hutaka kuficha ukweli, lakini si kila afichaye ukweli ni mwongo. Kant, mwaka 1797, alikaza zaidi, akakataa uongo hata kwa kumwokoa rafiki. Sisi tunaona tofauti ya Augustino yatosha kwa nyumba zetu. Binti asiyetaka kueleza taabu zake zote ana haki ya kunyamaza. Kijana aliyebakiwa na siku mbili za mtihani, ambaye hakuuliza, huenda akangojewa siku hizo mbili. Bali akiuliza, “Mama yuko hai?” siku mbili zimekwisha saa ileile. Yeye ni mtu mzima. Kuuacha mtihani au kuumaliza, kupanda ndege au kulia peke yake chumbani, ni shauri lake. Tunaposema tusimvunje moyo, mara nyingi moyo tunaoulinda ni wetu, kwa kuogopa kile kilio ndani ya simu.

Wala kuficha hakuwezekani tena kama zamani. Binamu mmoja huandika “pumzika kwa amani” chini ya picha ya marehemu, na mwana hupata habari akiwa ndani ya treni, kati ya watu wasiojua hata jina lake. Wazee wetu hawakumtuma mtoto kupeleka habari ya kifo. Alikwenda mtu mzima, akakaribishwa, akaketi kwanza. Simu haizuii desturi hiyo. Mjomba apige mwenyewe, kabla ya neno lolote kuandikwa katika kundi la ukoo. Aulize: uko wapi, uko na nani, umekaa? Kisha aseme kwa maneno machache. Akikwisha kusema asikate, hata kama kwa muda mrefu hakuna anayejibu.